Somo la Mwezi: Tukingoja Kituo cha Kuchajia Magari



Tumeletewa maswali mengi juu ya kile kituo cha kuchajia magari na pikipiki za umeme kinachojengwa karibu na stendi ya mabasi ya mji wetu, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Chaja mbili zimekwisha kusimamishwa, zimefunikwa kwa turubai, na ukuta umepakwa rangi. Watu wapita kila siku wakiulizana: Kitafunguliwa lini? Wengine wasema kesho, wengine wasema ni maneno matupu. Vijana wa kikundi cha bodaboda, ambao baadhi yao ni washiriki wa kanisa letu, wameandikisha majina ili wapewe pikipiki za umeme kwa mkopo. Sasa wataka kujua kama watie sahihi au wangoje.

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Deni huanza kuhesabiwa siku mtu atiapo sahihi, wala halingoji turubai liondolewe. Kwa hiyo somo letu la mwezi huu ni juu ya kungoja kwenyewe: tunangoja kitu gani hasa, kwa nini huchukua muda, na mtu mwenye busara afanye nini wakati angojapo. Itatubidi kupiga hesabu kidogo. Ni hesabu za shule ya msingi, kwa hiyo asiziruke mtu. Mwenye kalamu na aishike.

1. NDOO NA BOMBA

Umeme hupimwa kwa namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Kilowati ni kipimo cha nguvu, yaani umeme unapita kwa wingi gani kwa wakati mmoja. Kilowati-saa, ambayo sisi tunaoinunua kwa tokeni twaiita yuniti, ni kipimo cha umeme wote uliokwisha kupita. Fikirini bomba la maji na ndoo. Kilowati ni ukubwa wa maji yatokayo bombani. Yuniti ni maji yaliyomo ndooni. Basi betri ya gari ni ndoo, na chaja ni bomba.

Tuchukue gari lenye betri ya yuniti 60, ambalo ni la ukubwa wa kawaida. Soketi ya nyumbani hutoa volti 240. Tukivuta ampea 10, twapata 240 × 10 = wati 2,400, yaani kilowati 2.4. Kujaza ndoo ya yuniti 60 kwa bomba la kilowati 2.4 ni 60 ÷ 2.4 = saa 25. Hiyo ni usiku na mchana, na saa moja juu yake. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 ingechukua karibu saa 9. Chaja kubwa ya kituoni ya kilowati 50 ingechukua saa 1 na dakika 12. Kwa kweli huzidi kidogo, kwa sababu umeme mwingine hupotea kuwa joto, na betri ikikaribia kujaa mtambo hupunguza kasi ili usiiharibu, kama vile mtu ajazaye chupa apunguzavyo maji yakifika shingoni.

Yafaa tujue pia kwa nini chaja ya kituoni ni kubwa kama kabati. Umeme uletwao na nyaya za barabarani ni wa mkondo geu, ambao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Betri haihifadhi umeme wa namna hiyo. Yataka mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja tu. Kila gari la umeme lina mtambo mdogo ndani yake wa kugeuza mkondo huo, lakini kwa kuwa ni mdogo, hufanya kazi polepole. Chaja kubwa hufanya kazi ya kugeuza nje ya gari, kisha humwaga mkondo mnyoofu moja kwa moja katika betri. Ndiyo maana ni kubwa, ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana yahitaji umeme mwingi mno.

2. KWA NINI MJI WETU

Wengine wameuliza kwa nini kituo kijengwe hapa, mahali ambapo magari ya umeme yenyewe ni ya kuhesabika. Jibu limo barabarani. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Gari la kawaida la umeme hutumia kama yuniti 18 kwa kila kilomita 100. Basi 480 × 18 ÷ 100 = yuniti 86 hivi.

Tusisahau mlima. Mombasa iko usawa wa bahari, nayo Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake. Kuinua gari la kilo 1,700 kwa mita 1,700 ni 1,700 × 9.8 × 1,700, nayo ni karibu juli milioni 28. Yuniti moja ni juli milioni 3.6. Kwa hiyo kupanda peke yake kwala karibu yuniti 8. Ukijumlisha, safari yataka yuniti 94, hali ndoo yetu ni ya yuniti 60. Gari hilo halifiki bila kusimama njiani. Mwenye kurudi Mombasa hupata nafuu, kwa sababu gari la umeme likipunguza mwendo mteremkoni mota yake hugeuka kuwa jenereta, na sehemu ya umeme hurudi betrini. Hata hivyo naye atasimama.

Kwa hiyo mji ulio katikati ya njia una faida yake. Dereva wa gari la petroli husimama dakika tano akaenda zake. Dereva wa gari la umeme hukaa saa nzima. Katika saa hiyo atakula, atanunua ndizi, atamtafutia mtoto maji. Wenye vibanda stendi wasikidharau kituo hiki kwa kuwa wao hawana gari.

3. NYUMA YA CHAJA

Sasa tuje kwenye swali la kuchelewa. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua. Chaja iliyosimama chini ya turubai ni wingu. Ili inyeshe, yako mambo mengi nyuma yake ambayo mpita njia hayaoni.

Tupime kwa birika la umeme la kupikia chai. Birika la kawaida hutumia kilowati 2. Chaja moja ya kilowati 50 ni sawa na mabirika 25 yaliyowashwa kwa pamoja, na chaja mbili ni mabirika 50. Transfoma nyingi za mitaani, zilizowekwa ili kuwasha taa na redio, ni za kipimo cha kVA 50. Chaja moja tu ingeimaliza yote. Mtu akiiunganisha bila kufikiri, taa za mtaa mzima zitafifia, jokofu la zahanati litasita, na mashine ya kusaga unga itanguruma bila kuzunguka.

Kwa sababu hiyo kazi hufuata hatua zake:

(a) Mwenye kituo hupata kibali cha ardhi na ujenzi kutoka kaunti.

(b) Hupeleka ombi kwa shirika la umeme, akieleza atahitaji kilowati ngapi.

(c) Mafundi wa shirika huja kukagua laini iliyo karibu, kuona kama yaweza kubeba mzigo huo au lazima iongezwe.

(d) Mwenye kituo hupewa hesabu ya gharama, naye hulipa.

(e) Transfoma huagizwa, huletwa, husimikwa, na mita hufungwa.

(f) Nyaya na waya wa ardhi hupimwa, pamoja na swichi za kukata umeme wakati wa hatari.

(g) Mwisho, chaja huunganishwa na mtandao wa simu, ili mteja alipe na mtambo ujue amelipa.

Hatua moja ikikwama, zote zilizo mbele yake hukwama nayo. Ukuta wenye rangi hauwezi kukuambia hatua ipi imekwama.

Wala mambo haya hayako kwetu peke yetu. Wengi wenu mmesikia juu ya mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, iliyojengwa Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit. Ni mitambo 365, yenye nguvu ya megawati 310 kwa jumla. Mitambo hiyo ilikuwa tayari mwaka 2017. Upepo ulikuwapo, na mabawa yalikuwapo. Lakini laini ya kuupeleka umeme hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekwisha. Laini ilikamilika mwaka 2018, na umeme ukaanza kufika katika gridi ya taifa mwaka huohuo. Wakati wote wa kungoja, fidia kwa kuchelewa ilikuwa ikihesabiwa, na wenye kuibeba walikuwa wananchi.

Somo la Turkana ni mambo mawili. La kwanza, kinachoonekana huweza kuwa tayari muda mrefu kabla ya waya usioonekana. La pili, kungoja kuna gharama, na yule aliyetia sahihi ndiye mwenye kuilipa. Hilo la pili tutalirudia.

4. PETROLI NAYO ILINGOJWA

Wako wanaosema: Magari haya hayatafika popote, maana vituo hakuna. Tuwakumbushe kwamba hata petroli haikuzaliwa na pampu zake.

Mnamo Agosti 1888 huko Ujerumani, Bertha Benz, mke wa Karl Benz aliyebuni gari la mota, aliondoka Mannheim na wanawe wawili kwenda Pforzheim, safari ya karibu kilomita 100. Hakukuwa na kituo cha mafuta popote duniani. Mafuta yalipopungua, alinunua ligroini katika duka la dawa la mji wa Wiesloch. Ligroini ilikuwa ikiuzwa kwa kuondolea madoa ya nguo. Duka lile la dawa hukumbukwa hata leo kuwa kituo cha kwanza cha mafuta.

Tena, gari la umeme si jambo la juzi. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari 1,681 ya mvuke, 1,575 ya umeme, na 936 tu ya petroli. Umeme ulikuwa mbele ya petroli. Kwa nini basi ukashindwa? Betri za risasi za siku zile zilikuwa nzito na hazikwenda mbali. Nyumba za mashambani hazikuwa na umeme wa kuzichajia. Mafuta yalipatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, na Henry Ford kuanzia mwaka 1908 akatengeneza gari la petroli la bei nafuu. Mwaka 1912 zilipoanza kuuzwa gari za petroli zenye stata ya umeme, dereva hakuhitaji tena kuzungusha hendeli kwa mkono, na udhia mkubwa wa petroli ukawa umeondoka.

Jambo lililogeuza mambo katika siku zetu ni betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991. Ni nyepesi, na hubeba umeme mwingi kuliko ile ya risasi. Wanasayansi watatu walioifanyia kazi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Kwetu Kenya kuna jambo jingine la kufurahisha: karibu sehemu tisa katika kumi za umeme wetu zatoka katika mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981. Petroli hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, lakini mvuke wa Olkaria ni wetu.

5. PIKIPIKI NA DEBE

Sasa tuseme na vijana wetu. Kwa pikipiki iko njia nyingine isiyohitaji chaja kubwa, nayo ni kubadilisha betri. Mwendeshaji aingia kituoni, aitoa betri iliyokwisha, apewa iliyojaa, na kwa dakika chache yuko barabarani. Kampuni ya Ampersand ilianza kazi hiyo mjini Kigali mwaka 2019, na Nairobi pia imekwisha kuizoea.

Wazee hawataona ugeni. Debe tunalopimia mahindi sokoni ndilo lile bati la galani 4 lililoleta mafuta ya taa na petroli katika nchi hizi. Kabla ya pampu, petroli ilinunuliwa kwa debe. Betri ya kubadilisha ni debe la umeme: waacha tupu, wachukua lililojaa.

Njia hii ina uzuri wake. Betri zaweza kuchajiwa polepole usiku, wakati umeme hautumiwi sana, na mwendeshaji hapotezi saa zake za kazi. Lakini angalieni jambo moja. Mara nyingi betri si mali ya mwendeshaji, ni ya kampuni, naye huikodi. Betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine. Kituo kikifungwa au kikichelewa kufunguliwa, huna pa kwenda, isipokuwa mkataba wako wakuruhusu kuchajia nyumbani. Basi ulizeni kabla, wala msingoje kuuliza baadaye.

6. HESABU YA DENI

Tupige hesabu ya siku moja. Bei tutakazotumia ni za mfano. Kila mmoja aweke bei za siku yake.

Mwendeshaji huenda kilomita 100 kwa siku. Pikipiki yake ya petroli hula lita 2.5. Tukisema lita moja ni shilingi 180, petroli yake ni shilingi 450. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo hula kama yuniti 4. Kituo kikimwuzia yuniti kwa shilingi 30, umeme wake ni shilingi 120. Tofauti ni shilingi 330 kila siku. Siku 26 za kazi kwa mwezi ni shilingi 8,580. Hiyo ni karo ya mtoto, na si jambo la kuchekwa.

Juu ya bei ya umeme, mjue kwamba mwaka 2023 Kenya ilianzisha bei maalumu kwa ajili ya vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 kwa saa za usiku zenye matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Lakini hiyo ni bei ya mwenye mita ya kuchajia. Mwenye kituo atauza kwa bei yake, maana naye alipa ardhi, wafanyakazi na chaja. Msipige hesabu ya faida yenu kwa shilingi 16.

Sasa upande wa pili wa karatasi. Tuseme mkopo wa pikipiki hulipwa shilingi 400 kila siku. Kijana ametia sahihi leo, na kituo kikachelewa siku 60. Deni la siku hizo ni 400 × 60 = shilingi 24,000. Je, ataweza kufanya kazi wakati huo? Betri ya yuniti 3 humpeleka kama kilomita 80. Akiwa na umeme nyumbani na ruhusa ya kuchajia huko, atafanya kazi kilomita 80 badala ya 100, na ataishi. Asipokuwa na umeme, na kituo kilicho karibu kiko mji mwingine kilomita 60 kutoka hapa, kwenda na kurudi ni kilomita 120. Betri yote itaishia katika safari ya kuitafutia chaji, wala abiria hatambeba.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la vijana si moja kwa wote. Mwenye soketi salama nyumbani na mkataba unaomruhusu, hana sababu kubwa ya kungoja. Asiye navyo, asitie sahihi kwa kutazama chaja iliyofunikwa. Kwa wote twasema neno moja: ombeni iandikwe katika mkataba kwamba malipo yataanza siku kituo cha hapa kitakapoanza kuuza umeme au kutoa betri. Mkopeshaji mwenye hakika na kituo chake hatakataa kuandika hivyo. Akikataa, amekwisha kuwajibu.

Wala pikipiki ya petroli isiuzwe kabla ya siku hiyo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

7. DALILI ZA KUTAZAMA

Badala ya kuulizana kila asubuhi kitafunguliwa lini, tutazame dalili zenyewe. Hizi mtu yeyote aweza kuziona akiwa nje ya ua:

Je, transfoma imekwisha kupandishwa nguzoni, na nyaya zake zimeungwa pande zote mbili? Je, mita imefungwa na kutiwa lakiri, na kioo chake chaonyesha tarakimu? Je, taa ndogo za chaja zawaka? Je, kuna gari lililoletwa kujaribiwa? Je, bei ya yuniti imebandikwa? Je, wafanyakazi wamekwisha kufundishwa namna ya kuzima mtambo kwa haraka?

Zikionekana zote, siku iko karibu. Ikionekana rangi ya ukuta tu, rudini nyumbani mkaendelee na kazi. Na mwenye swali asimwulize mlinzi wa getini, ambaye hajui. Kikundi kiandike barua moja kwa mwenye kituo, kiulize hatua ipi imefikiwa, na kiombe jibu kwa maandishi. Swali la kikundi hujibiwa upesi kuliko manung'uniko ya mtu mmoja mmoja.

8. YA KUFANYA SASA

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, tuliwaambia walimu vijana kwamba mwanafunzi angojaye kengele bila kitabu mkononi amepoteza kipindi. Yako mambo ya kufanya tukingoja.

Kwanza, wanaotaka kununua magari yaliyotumika waulize juu ya plagi. Magari ya umeme hayana plagi ya namna moja. Nissan Leaf nyingi ziletwazo kutoka Japani zatumia plagi iitwayo CHAdeMO. Magari ya Ulaya hutumia CCS2. Mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China hutumia GB/T. Mtu asinunue gari kabla ya kujua kituo chetu kitakuwa na plagi gani. Aulize pia hali ya betri, kwa maana betri iliyochakaa haijai tena kama ilivyokuwa mpya, nayo ndiyo sehemu ya gari iliyo ghali kuliko zote.

Pili, usalama wa nyumbani. Twasikia baadhi ya watu wamekwisha kuvuta waya kutoka kwa jirani kupitia dirishani ili wachaji betri za pikipiki. Jambo hili ni la hatari. Waya mwembamba hupata joto usiku kucha, na betri ya lithiamu ikishika moto huwaka kwa ukali, hutoa moshi wenye sumu, na ni vigumu kuizima. Msichaji betri chumbani mwa kulala wala mbele ya mlango, maana moto ukitokea mtakosa njia ya kutoka. Tumieni chaja iliyokuja na pikipiki, si ya kubahatisha. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoingia maji isichajiwe tena. Na fundi mwenye leseni aitwe kukagua waya wa ardhi kabla ya jambo lolote. Gharama yake ni ndogo kuliko ya nyumba.

Tatu, mafunzo. Gari la umeme halina kabureta, halina plagi za moto, wala halibadilishwi oili ya injini. Mafundi wetu wa gereji watapoteza sehemu ya kazi, na wanaouza petroli kwa chupa kando ya njia watapoteza zaidi. Tusijifanye hatuwaoni. Lakini breki, magurudumu, beringi na mota bado zataka fundi, na betri zataka mtu ajuaye kuzipima bila kujiua. Fundi kijana anayeanza kujifunza leo atakuwa tayari turubai likiondolewa. Anayengoja kufunguliwa kwa kituo ndipo aanze, atakuta kazi imeshikwa na wageni.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Ni kweli, ila subira yavuta heri kwa yule aliyetayarisha kamba ya kuivutia. Kituo kitafunguliwa siku nyaya zake zitakapokuwa tayari, na hatuwezi kuiharakisha siku hiyo kwa kusimama getini. Tuwezalo ni kuhakikisha kwamba itakapofika haitukuti na deni la miezi miwili, waya uliochomeka dirishani, na pikipiki ya zamani iliyokwisha kuuzwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kilowati na yuniti. Chukua mfano wa nyumbani kwako usio ndoo na bomba.

2. Pikipiki ina betri ya yuniti 3, na chaja yake ni ya nusu kilowati. Itachukua saa ngapi kujaa? Je, muda huo watosha usiku mmoja?

3. Fanyeni upya hesabu ya sehemu ya 6 kwa bei ya petroli ya mwezi huu. Ikiwa kituo kitauza yuniti kwa shilingi 50, je, bado kuna faida?

4. Someni pamoja mkataba mmoja wa mkopo wa pikipiki. Malipo yaanza siku gani? Betri ni ya nani? Je, kuchajia nyumbani kumeruhusiwa?

5. Ni dalili zipi kati ya zile za sehemu ya 7 zimekwisha kuonekana katika kituo chetu? Mtu mmoja atumwe kutazama, alete habari wiki ijayo.

6. Umoja wa Akina Mama na wazee wa kanisa: tuwasaidieje wauzaji wa petroli ya chupa na mafundi wa mtaani, ili mabadiliko haya yasiwaache mikono mitupu?

Majibu ya swali la 2 na la 3 yaletwe kwa katibu wa gazeti, nasi tutayasahihisha na kuyachapa mwezi ujao, Mungu akipenda.